Galaksi Nilizozizika

Jumatatu, 3 Machi 2025
Profesa Celestine ameniagiza niandike kila siku nilichofanya, hata kama sijafanya kitu, ili tarehe ya mwisho isije ikanikuta nimeshika tama. Haya, naandika. Leo sijafanya kitu.

Jumanne, 4 Machi
Profesa anapenda mambo yaanzie mwanzo, kwa hiyo nianzie mwanzo. Mimi ni Fabiano Ogwang, miaka arobaini na mmoja, mhadhiri msaidizi wa fizikia, na mwanafunzi wa uzamivu kwa mwaka wa nane. Mwaka wa tisa haupo. Ijumaa tarehe 30 Mei, saa kumi na moja jioni, tasnifu yangu iwe imefika ofisi ya usajili. Isipofika, jina langu linafutwa na miaka yote minane imekwenda bure. Nyongeza nimeshapewa mara mbili, na ya tatu hapewi mtu.

Tasnifu ina sura sita. Tano ni za kujaza kurasa. Ya nne ndiyo yenye kitu: galaksi mia tatu na kumi na mbili ambazo mwanga wake ulianza safari ya kuja kwetu miaka bilioni kumi iliyopita, na wakati huo tayari zilikuwa zimekufa. Galaksi huishi kwa kugeuza gesi baridi kuwa nyota mpya. Gesi ikikatika, nyota changa za bluu, ambazo umri wake ni mfupi, huisha. Hubaki zile nzee nyekundu, na galaksi nzima huwa nyekundu na kutulia. Wengi husema galaksi za kale namna hiyo ziliuawa na vurugu, kwa kugongana na majirani. Mimi nasema hizi za kwangu zilikuwa peke yake, hazikuguswa, zikafa njaa. Ni nyingi mno na zilikufa mapema mno. Nikiwa sahihi, sura ile itasomwa hata na watu wasioweza kuionyesha Kampala kwenye ramani.

Ijumaa, 7 Machi
Joto. Mvua bado. Vumbi la barabara ya Ntinda limeingia hadi ndani ya kibodi.

Jumapili, 9 Machi
Baba anakaa kwangu hapa Naguru tangu alipostaafu. Alikuwa sajini wa polisi kwa miaka thelathini na mmoja, na nyumba nzima bado inaendeshwa kwa amri. Leo ametoka kanisani na wazee wenzake watatu, akawaketisha sebuleni na kuwatangazia kwamba mwezi wa sita mtoto wake atakuwa daktari. Mmoja akauliza kama nitaweza kumtazama goti lake. Baba akamjibu kwa ukali kuwa mimi ni daktari wa vitu vya mbali.

Walipoondoka akaniuliza, kama anavyoniuliza kila Jumapili, "Hiyo kitabu yako nakwisha kweli?"

Nikamwambia inakwisha.

Alhamisi, 13 Machi
Mtahini wa nje amesoma rasimu. Ameisifu, halafu akaongeza sentensi moja: darubini mpya ya angani imeshapiga picha kipande kile kile cha anga katika mwanga wa joto, na picha ziko wazi kwa kila mtu, je, mwandishi amezilinganisha na zake? Mwandishi hajazilinganisha. Profesa anasema ni kazi ya wiki mbili na itazaa aya moja.

Niandike sababu, maana hata wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hunitolea macho nikifika hapa. Galaksi inaweza kuwa nyekundu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba imekufa. Ya pili ni kwamba imejaa vumbi, vumbi linameza mwanga wa bluu wa nyota changa, na kinachotokea nje ni wekundu tu. Ila vumbi lililomeza mwanga huo hupata moto, na moto huo huonekana katika mwanga wa joto. Kwa hiyo ukitazama huko na kukuta giza, hiyo ni maiti. Ukikuta inawaka, hiyo ni hai na ulidanganywa na rangi. Sina wasiwasi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimepekua mafaili ya 2022, tulipozipanga. Kanuni ya kazi yetu ni hii: kila galaksi hutazamwa na watu wawili, kila mtu peke yake na picha zake, bila kuona jibu la mwenzake. Wakitofautiana, anaitwa wa tatu aamue. Mimi nilikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Hindu Maftah, mwanafunzi wa uzamili, binti wa wale Maftah wenye duka la rangi Makindye. Alikuwa na ubishi. Hakumaliza, akaenda zake.

Jumanne, 18 Machi
Mvua ya kwanza. Imenyesha saa tatu mfululizo na umeme ukakatika kabla ya saa ya kwanza kwisha.

Jumatatu, 24 Machi
Nimemaliza kupakua picha zote za ile darubini mpya. Nimeanza na galaksi 124 ambazo Hindu na mimi tulikubaliana. Leo nimepima ishirini na mbili. Giza, giza, giza. Sijawahi kufurahia maiti kiasi hiki.

Jumatatu, 31 Machi
Idi. Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili
Zote 124 zimekufa kama nilivyosema. Profesa amefurahi, akasema hizo zinatosha kumjibu mtahini, nisimame hapo niandike aya yangu. Nikakataa. Zimebaki 188 ambazo Hindu hakukubaliana nami, na nataka ubishi wake uishe kabisa, ingawa mwenyewe hayupo wa kuona. Nakiri ni kiburi. Kinanistarehesha.

Jumatatu, 7 Aprili
Nimeanza 188. Ya kwanza inawaka. Nitakuwa nimekosea mahali pa kupima.

Jumanne, 8 Aprili
Sikukosea mahali. Kumi na mbili leo. Kumi na moja ni hai.

Jumatano, 9 Aprili
Tisa. Zote hai.

Alhamisi, 10 Aprili
Mvua. Sikwenda.

Ijumaa, 11 Aprili
Kumi na tano. Zote hai.

Jumatano, 16 Aprili
Kumi. Tisa hai. Ile moja iliyokufa nimeipima mara nne, nikiogopa kunyang'anywa.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Baba amechinja kuku wawili na kuwaalika wale wazee. Wameniombea, wamesimama wamenizunguka, mikono yao mizito juu ya kichwa changu, wakamshukuru Mungu kwa akili alizonipa. Nilisema amina. Niliacha paja la kuku sahanini, nikasingizia tumbo.

Jumatano, 23 Aprili
Siwezi kuendelea kuandika mstari mmoja mmoja kama mtu anayejificha.

Leo nimefungua safu ya Hindu. Katika faili la 2022 kuna safu mbili, yangu na yake, na pembeni ya yake kuna mahali pa maelezo. Yangu hayana kitu. Mimi niliangalia rangi, nikaona nyekundu, nikaandika "imekufa", nikaenda inayofuata. Yake yamejaa. "Imelala ubavu, tunaiona kwa ukingo, lazima vumbi liwe jingi. Hai." "Ina mafundo mafundo. Iliyokufa huwa laini. Hai." "Sina hakika, nimeirudia kesho yake na kesho kutwa. Naona mkono upande wa kushoto. Hai." Picha zile ni ndogo, kila galaksi haizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Alizichapa kwenye karatasi kwa sababu umeme haukuwa wa kutegemea, akakaa nazo dirishani siku baada ya siku. Mia moja themanini na nane, na kila moja ina sababu yake.

Mimi ni mtu wa Kampala. Kila Januari naona magari meupe yakipita mekundu, na sijawahi hata siku moja kudhani yamepakwa rangi upya. Nimezaliwa ndani ya vumbi na nikashindwa kulitambua.

Sasa niandike yaliyobaki, maana tarehe 15 Machi nilisema uongo. Nilisema alikuwa na ubishi akaenda zake. Haikuwa hivyo. Tulipofungua majibu yetu na kukuta tofauti 188, zaidi ya nusu, alipaswa kuitwa mtu wa tatu. Wa tatu alikuwa Profesa, na Profesa alikuwa safarini kwa miezi miwili. Sikumngojea. Niliamua zote mwenyewe, mchana mmoja, na zote nilijipa mimi. Hindu alipouliza kwa nini, nilimjibu mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba mtu hujifunza kwanza kuona, halafu ndipo ajifunze kubisha. Walicheka. Nilitaka wacheke. Hakurudi baada ya wiki ile, na Profesa aliporudi nikamwambia binti alikuwa na haraka ya kuolewa. Hakuwa ameposwa na mtu. Nilisema kwa sababu lilikuwa neno rahisi na nilijua litaaminiwa.

Nina aibu. Nimeliandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuliweka.

Jumatatu, 28 Aprili
Nimemaliza. Kati ya 188, Hindu alipatia 181. Mimi saba. Galaksi zilizokufa zimebaki 131, na nilipoangalia majirani wa kila moja, 119 zina alama za kugongana na wenzake. Zilizokuwa peke yake zikafa njaa ni kumi na mbili. Kwa kumi na mbili huwezi kusema lolote. Sura ya nne haipo.

Jumatano, 30 Aprili
Saa nzima ofisini kwa Profesa, mvua ikipiga mabati mpaka tukawa tunapaza sauti kama tunagombana. Hatukugombana. Nilimweleza yote, na la kuolewa pia. Akaniambia kwamba aliliamini neno lile bila kumpigia Hindu hata simu moja, na kwamba hilo ni lake kubeba.

Kisha nikamuuliza kama kosa lenyewe haliwezi kuwa tasnifu: namna rangi inavyodanganya. Akafungua kompyuta na kunionyesha makala iliyotoka miaka miwili iliyopita. Wameshaonyesha hayo hayo, kwa maelfu ya galaksi, kwa darubini ile ile. Nikatazama tarehe. Hindu aliandika safu yake mwaka mzima kabla yao, bila darubini mpya, kwa macho na karatasi. Kama ningemngojea mtu wa tatu, makala ile ingetoka hapa, na jina la kwanza lingekuwa lake, na mimi ningekuwa daktari kitambo kupitia mgongo wa kazi hiyo hiyo.

Profesa akafunga mlango. "Fabiano, andika sentensi moja. Sema vumbi linaweza kuathiri baadhi ya galaksi na kwamba uchunguzi unaendelea. Ni kweli, si uongo. Mtahini atakupitisha."

Alikuwa ananihurumia. Nikamwambia nitafikiri.

Jumatatu, 5 Mei
Nimekwenda Makindye.

Duka la Maftah liko palepale. Hindu alikuwa nyuma ya kaunta akimchanganyia mteja rangi. Mteja alikuja na kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, anataka inayofanana. Hindu alikipeleka mlangoni penye mwanga, akakigeuza, akamwambia hiki si cheupe, kina wekundu kidogo, akatia matone mawili, akakoroga. Mteja akasema ndiyo yenyewe. Nilisimama karibu na ndoo kama mtu aliyetumwa.

Zamani aliniita mwalimu. Leo amesema, kama kwa bwana yeyote anayeingia dukani, "Karibu, ssebo. Unataka ya ndani au ya nje?" Kisha akanitambua, akaiweka fimbo ya kukorogea chini.

Nilimwambia yote nimesimama. Kwamba 181 ni hai. Kwamba alikuwa sahihi na mimi nilimnyima haki yake, nikamdhalilisha, nikamsingizia. Kwamba naomba msamaha. Alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Safu yangu unayo bado?"

"Ninayo."

"Miaka yote hii hukuifuta?"

"Maelezo yako sikuwahi kuyasoma hadi mwezi jana."

Akatikisa kichwa taratibu. Nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine. Nikaharakisha kumwambia kwamba Profesa yuko tayari kumrudisha, kwamba anaweza kumaliza uzamili wake kwa safu ile, kwamba mimi nitajitoa kabisa.

"Wewe unajua nilivyoacha?" akasema. "Mwaka mzima nilikuwa nazisoma habari za galaksi kwa simu, nikiwa hapa hapa, halafu nalia, baba yangu anadhani ni ile harufu ya rangi. Nikasema, Hindu, wacha. Nikawacha. Imenichukua muda, lakini nimeweza. Sasa unakuja unaniambia nilikuwa najua." Akakikunja kitambaa. "Mimi nilijua siku ile ile, Bwana Fabiano. Si leo."

Nikamuuliza basi nifanye nini na kazi yake.

"Fanya unavyotaka. Mimi usiniandike popote."

Aliingia mteja mwingine, akamwendea. Kuhusu msamaha alisema tu kwamba amesikia.

Jumatatu, 12 Mei
Mvua.

Jumanne, 13 Mei
Mvua. Nimeandika ile sentensi ya Profesa. Nimeifuta.

Alhamisi, 15 Mei
Nimeiandika tena. Ni sentensi nzuri, haina uongo hata chembe, na kila nikiisoma naona wale wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakicheka. Nimeifuta.

Jumatatu, 19 Mei
Baba ameshonesha suti.

Alhamisi, 22 Mei
Sitawasilisha. Nimeamua kwenye foleni ya magari Ntinda, saa mbili asubuhi, hakuna lililotokea. Nilidhani uamuzi wa namna hii huja na amani. Haukuja na kitu.

Ijumaa, 30 Mei
Saa kumi na moja nilikuwa nyumbani. Nilimkuta Baba anasikiliza taarifa ya habari, nikaizima redio, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe. Nikamwambia sitakuwa daktari, si mwezi wa sita wala mwezi wowote. Akataka kujua nani amenizuia. Nikamweleza kwa maneno machache niwezavyo: nilisema vitu fulani vimekufa, kulikuwa na msichana aliyesema viko hai, nikamfukuza, vilikuwa hai.

Alikaa akifikiri kama alivyokuwa akifikiri na kesi zake.

"Yeye nakuambia mapema?"

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe nakataa bila kuita mtu ingine?"

"Ndiyo."

"Sisi kwa kazi, askari nafanya hivyo, tunavua yeye vyeo." Akainuka, akaiwasha redio mwenyewe. Hakula. Chakula chake kimefunikwa mezani, nami sijala changu.

Jumapili, 1 Juni
Wale wazee wamekuja. Nimemsikia Baba sebuleni akiwaambia kwamba tarehe imesogezwa mbele kidogo.

Jumatatu, 2 Juni
Kuna hazina ya takwimu ya kimataifa ambako mtu yeyote anaweza kuweka jedwali lake ili wengine walitumie. Nimeweka lile la galaksi 312: safu ya Hindu, maelezo yake yote, na vipimo vya joto vinavyothibitisha. Safu yangu nimeitoa. Mahali pa majina nimeandika Hindu Maftah kwanza, halafu langu kama mpimaji. Alisema nisimwandike, lakini niliona ni uchungu tu uliokuwa ukisema, na uchungu hupungua. Mtu hawezi kukataa haki yake. Nimemtumia kiungo kwa simu.

Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu Aprili.

Jumanne, 3 Juni
Sikukuu ya Mashahidi. Mvua imekatika, nadhani masika yamekwisha. Jedwali limepakuliwa mara kumi na moja, na mara mbili kati ya hizo na watu wa chuo cha Chile.

Jumatano, 4 Juni
Ujumbe wa Hindu umeingia saa nne asubuhi.

"Bwana Fabiano. Nilikuambia usiniandike. Nilikuambia kwa mdomo wangu na wewe ukiwa mbele yangu. Kumbe hata hilo umeamua mwenyewe. Toa jina langu leo."

Nimeusoma nimesimama, nikausoma tena nimekaa. Nilijaribu kumpigia, hakupokea. Basi nikafanya alichosema. Nilitaka kuliondoa jedwali lote, lakini hazina haikubali: likishapakuliwa na watu, haliondolewi, majina tu ndiyo hurekebishwa. Nikafuta jina lake. Nikafuta na langu pia, nikabonyeza kuhifadhi, ikakataa, kwa sababu hakuna jedwali linaloruhusiwa kukaa bila mwenyewe. Nikampigia Profesa kumwomba lake. Akasema hapana, hakuitazama hata galaksi moja kati ya hizo, naye kwa hilo yuko sahihi. Nikajaribu nukta. Nikajaribu neno "asiyejulikana". Ikakataa zote.

Saa nane mchana nimeandika jina langu, ikakubali. Kazi yote ya Hindu sasa ni ya Fabiano Ogwang peke yake.